Shajara ya Kidonge cha Mseto

Jumatatu

Mama anameza dawa tatu za presha: amlodipini, losatani na kidonge cha mkojo, kile kinachotoa maji mwilini. Juu yake kuna aspirini ndogo na atovastatini, alizoanzishiwa baada ya maumivu ya kifua ya mwaka jana. Kila asubuhi baada ya chai vidonge hutolewa kwenye karatasi zake na kupangwa kwenye kisosi. Leo muuza maziwa alipiga hodi, Mama akaenda kumpokea, na aliporudi mjukuu wake alikuwa ameshafungua duka barazani. Vidonge ndiyo bidhaa. Kimoja alishamuuzia mtoto wa jirani kwa majani ya mwembe. Tulikikuta mfukoni, kimelowa, kimeshikana na pipi.

Hakuna aliyemeza. Nimevihesabu mara mbili kabla moyo wangu haujatulia, maana amlodipini moja tu inaweza kumtia mtoto mdogo hatarini. Vilivyobaki vilikuwa vimeshachanganyika, na vile viwili vyeupe vya duara huwezi kuvitofautisha hata kwa miwani. Nimevitupa vyote, Mama amepewa vingine. Kisosi sasa kinakaa juu ya kabati.

Jumanne

Siku ya kupima. Mashine haikuwaka. Betri zake zilikuwa kwenye redio, kwa sababu kuna mechi na umeme umekatika tangu mchana. Kijana wa nyumbani aliahidi kuzirudisha mapumziko, na alizirudisha. Mama alikaa inavyotakiwa: mgongo umeegemea kiti, nyayo chini, mkono mezani usawa wa moyo, kimya dakika tano. Mashine ilipoanza kubana mkono alimwambia kijana aepue maharage jikoni. 162 kwa 94. Tukangoja, tukapima tena bila neno: 148 kwa 88. Daktari alituagiza tuandike vipimo vyote, tusichague kile kinachotupendeza. Vyote viwili vipo kwenye daftari.

Betri zilirudi kwenye redio dakika ya 60. Kijana alikosa mabao mawili.

Alhamisi

Harusi ya binti wa shangazi, Lushoto. Viatu vya harusi vimekataa kuingia. Miguu ya Mama imevimba kuzunguka kifundo, na nikibonyeza kwa kidole juu ya mfupa kinabaki kishimo kwa muda, kisha kinajaa taratibu. Hii ni kawaida ya amlodipini kwa baadhi ya watu: inalegeza mishipa midogo, maji yanateremka miguuni. Losatani inapokuwa pamoja nayo uvimbe huwa unapungua, na daktari ameshaambiwa. Mama amevaa ndara za shambani chini ya gauni la hariri.

Kile cha mkojo alikimeza alfajiri. Basi lilipofika Muheza aliomba lisimame. Kabla ya Korogwe aliomba tena.

“Mama, stendi iko mbele,” alisema konda.

“Stendi yangu ni hapa, mwanangu.”

Likasimama. Abiria wengine sita walishuka wakamshukuru.

Jumatatu

Kliniki. Daktari ni kijana, amemwamkia Mama shikamoo kabla hajafungua faili. Alisoma daftari, akahesabu vidonge, akauliza ni siku zipi vinarukwa. Mama alisema hakuna. Kisha akasema baadhi ya siku za safari. Kisha akasema na siku za msiba, na siku ambazo kimoja kimekwisha na vingine bado vipo, maana hapo anaona bora vyote vipumzike mpaka vitimie.

Daktari hakumgombeza. Alieleza kwamba mwili unashikilia presha kwa njia zaidi ya moja: mishipa inajikaza, homoni zinaiamuru ijikaze zaidi, figo zinabakiza chumvi na maji. Ukiziba tundu moja, panya anapita jingine. Ndiyo maana dawa mbili au tatu kwa kipimo kidogo huwa zinashusha presha zaidi kuliko dawa moja iliyoongezwa maradufu, na maudhi yake mara nyingi ni machache. Nilimuuliza kwa nini asiondoe amlodipini, kwa ajili ya ile miguu. Akanitajia utafiti uliotolewa mwaka 2019, uliofanywa kwa wagonjwa 728 katika nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo. Waliopewa amlodipini pamoja na dawa nyingine walishuka presha zaidi ya waliopewa mchanganyiko usiokuwa nayo. Amlodipini inabaki.

Sasa anataka zile tatu za presha ziwe kidonge kimoja. Losatani inapisha, nafasi yake inachukuliwa na telmisatani, ndugu yake, ambayo imo kwenye kidonge hicho cha mseto. Aspirini na atovastatini zitabaki peke yake. Vitano vinakuwa vitatu. Mama aliuliza kama vitatu ndani ya kimoja havitagombana.

Jumatano

Duka la dawa la kwanza. Niliomba mseto. Dada wa dukani akaweka mezani dawa ya mseto ya malaria na kuuliza mgonjwa ana umri gani. Nikamwambia ni mseto wa presha. Alipekua rafu, akapiga simu, akarudi na amlodipini peke yake, telmisatani peke yake na cha mkojo peke yake. “Ni zilezile,” alisema, kwa nia njema kabisa. Duka la pili kulikuwa na telmisatani na cha mkojo katika kidonge kimoja, bila amlodipini. La tatu lilikuwa limefungwa kwa ajili ya swala.

Jambo hili linaniuma, na nitaliandika kama lilivyo. Mseto wa malaria unaupata zahanati yoyote. Wagonjwa wa kifua kikuu wanapewa dawa nne ndani ya kidonge kimoja. Wanaoishi na VVU wengi wanameza kimoja kwa siku, na kimewarudisha kazini. Kwa hiyo tunajua jinsi ya kuleta vidonge vya mseto na kuvifikisha kijijini. Shirika la Afya Duniani liliingiza mseto wa presha kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, telmisatani na amlodipini ukiwa mmojawapo. Mwaka 2023 likaongeza mseto wa moyo, wenye dawa ya presha na ya kushusha lehemu ndani yake. Mama yangu anastahili kupata kidonge chake cha mseto bila mwanawe kuzunguka mji mzima, na yule bibi wa kijijini asiye na mtu wa kumzungushia anastahili zaidi.

Ijumaa

Jirani alikuja kuazima kidonge cha presha. Si chake, ni cha binti yake mwenye mimba ya miezi saba, ambaye ameumwa kichwa tangu jana. Mama, kwa huruma, alimfungia losatani mbili kwenye karatasi na kumpa bodaboda apeleke. Nilirudi kutoka sokoni, Mama akanieleza, pikipiki ikikata kona. Nilikimbia na kapu. Nyanya zilimwagika mbele ya msikiti, wazee wakaniokotea, na bodaboda alisimama kwa sababu alidhani nataka kupanda.

Losatani na ndugu zake wote zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mjamzito ana dawa zake za presha, na kichwa kinachomuuma pamoja na presha hakingoji kesho. Bodaboda huyohuyo nilimtuma amchukue binti ampeleke hospitali. Amelazwa, anaangaliwa vizuri. Jirani ameleta nyanya nyingine.

Jumapili

Magoti ya Mama. Mpwa alileta diklofenaki aliyouziwa bila swali lolote. Dawa hizo za maumivu zinabakiza chumvi na maji, zinapandisha presha, na zikikutana na losatani na cha mkojo zinaweza kuumiza figo. Nimempa parasetamoli na kitambaa cha maji ya moto. Kitambaa kilikuwa cha moto mno. Mama sasa analalamikia ngozi.

Jumatano

Kidonge kimefika. Kina ukubwa wa kucha ya kidole kidogo. Mama alikishika kwenye mwanga, akakigeuza, akauliza vile vingine viwili viko wapi.

Ijumaa

Asubuhi alisimama kufungua dirisha, akakaa ghafla juu ya ungo wa mchele. Kizunguzungu. Mashine, ambayo kwa bahati ilikuwa na betri, ilisoma 96 kwa 58. Nilimpigia daktari, naye akauliza swali moja: dawa za zamani ziko wapi? Zilikuwa chini ya mto. Mama alikuwa anameza kipya na vile vitatu vya zamani, ili asikosee. Daktari alisema alale, miguu iinuliwe, anywe maji, nimpime tena baada ya nusu saa. Akizirai au presha isipopanda nimlete mara moja. Ilipanda mpaka 118 kwa 70.

Vya zamani nimevipeleka duka la dawa viteketezwe. Mchele tumeupepeta upya.

Nilimuuliza daktari kuhusu safari pia, maana mseto una ubaya wake: huwezi kukitoa cha mkojo ukaacha vingine. Amesema siku ya basi akimeze akifika, mradi ni siku hiyohiyo, wala asikivunje vipande.

Jumanne

134 kwa 82, kisha 130 kwa 80. Redio ilikuwa imezimwa. Viatu vya harusi vimeingia, mguu wa kushoto kwa taabu.

Dada wa duka la dawa ameniambia ukweli: haagizi mseto kwa sababu mnunuzi ni mimi peke yangu, na boksi litaisha muda wake rafuni. Nimerudi mtaani na daftari lilelile la presha. Wanne wana dawa kama za Mama na wamekubali kumuuliza daktari wao siku ya kliniki kama wanaweza kubadilishiwa. Mmoja anaenda Alhamisi, na nimeahidi kumsindikiza. Daktari akiwaandikia, nitampelekea dada karatasi zao zote kwa pamoja, aagize boksi zima.