Nani Ameifungua Barua?

Ukipita nje ya nyumba yetu hapa Voi saa mbili za usiku, utalisikia swali hilo likitoka jikoni, likivuka sebule, likigonga mlango wa chumba cha mbele ambacho Mama amekifanya mapokezi ya nyumba yake ya wageni. Mpita njia atadhani kuna bahasha imeibwa. Hakuna kilichoibwa. Tuna kompyuta mbili, moja ya mezani iliyokaa mapokezi na laptopu moja inayohamahama, na zote mbili zinatumia programu moja ya barua pepe na faili moja la barua. Faili lenyewe limo ndani ya ile ya mezani. Laptopu hulifikia kwa waifai ya nyumbani. Na sasa, kama ilivyo ada yake, programu imegoma.

Nataka kuisifu. Sisi watu wa huku tumezoea kusifu vitu vinavyoonekana kwa mbali: ndovu wa Tsavo waliojipaka udongo mwekundu, kilele cha Vuria chenye mita 2,208, ziwa Chala lililojificha ndani ya kreta yake mpakani. Hivyo vina wasemaji, na baadhi ya wasemaji hulipwa. Programu ya barua inayogoma haina hata wakili wa kuteuliwa na mahakama. Inatukanwa asubuhi na jioni, na anayeitukana zaidi ni mimi, fundi wake asiye na mshahara.

Nianze na ukoo, maana asiye na ukoo hasifiwi akasifika.

Kwa upande wa baba, imetoka kwa Ray Tomlinson. Mwaka 1971, huko Cambridge, Massachusetts, mhandisi huyo alituma barua ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao, na ndiye aliyeichagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la kompyuta yake. Baadaye hakukumbuka hata aliandika nini. Ninachokipenda katika kisa hicho ni kwamba kompyuta zile mbili zilikuwa zimekaa bega kwa bega katika chumba kimoja. Angegeuza shingo tu, ujumbe ungefika. Basi jirani anayetucheka kwamba kutoka jikoni hadi mapokezi ni hatua kumi na mbili na bado tunahangaika na mtandao, aende akamcheke Tomlinson kwanza.

Kwa upande wa mama, ukoo ni mtukufu zaidi: Sanduku la Posta. Vijana wa leo wakiona S.L.P. kwenye fomu hujaza ya shule waliyosoma, au ya mjomba, bila kujua wanarithi nini. Sanduku moja pale Voi, 80300, lilibeba shule, kanisa na nusu ya kijiji. Kijana aliyepata kazi Mombasa alimwandikia mamake "kupitia kwa mwalimu mkuu". Ufunguo ulikuwa mmoja, na mwenye ufunguo alishuka mjini mwisho wa mwezi. Barua ilipomfikia mama yule, ilikuwa imeshapita mikono minne; wote wanne walijua imetoka kwa nani, na wawili walikuwa wamekisia kilichomo kwa kupima uzito wa bahasha. Hakuna aliyelalamika kuhusu faragha. Mama alishukuru kwamba imefika, akaketi, akamtafuta mtoto wa darasa la saba amsomee kwa sauti.

Sasa dunia nzima kila mtu ana sanduku lake mfukoni, na neno la siri ambalo hata mkewe halijui. Nyumba yetu imebaki na ufunguo mmoja.

Hata kufuli lake nimewahi kuliona kwa macho yangu. Kila mtu anapoifungua, programu huweka kwenye folda ya barua kijifaili kisicho na neno lolote ndani. Hicho ndicho kufuli. Maana yake: kuna mtu humu, wewe ngoja. Mwenyewe akitoka kwa adabu, kijifaili kinafutika. Lakini stima ikipotea kabla hajatoka, kijifaili kinaweza kubaki, na programu ikiwashwa tena inaamini bado kuna mtu ndani, ilhali mtu mwenyewe ndiye huyu anayebisha mlangoni. Unaiambia ni mimi. Inakujibu kwamba wewe uko ndani. Wanafalsafa wamepata uprofesa kwa maswali mepesi kuliko hilo.

Nilipomweleza Baba, nilidhani nitamchosha. Baba alistaafu kazi ya reli. Alinikatiza sentensi ya pili. Reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja, ilikuwa njia moja tu kutoka Mombasa hadi bara, na treni mbili hazikuruhusiwa kuwa kwenye kipande kimoja kati ya stesheni na stesheni. Inayoshuka ilisubiri Voi mpaka inayopanda iingie. Stesheni masta hakutoa ruhusa kwa kukisia.

"Hiyo programu ina akili," alisema. "Wangeachiwa wawili waingie, wangegongana."

Na kweli wangegongana. Kompyuta mbili zikiandika ndani ya faili moja la barua kwa wakati mmoja, faharasa ya barua inavurugika, na unaweza kufungua barua yenye kichwa cha benki na mwili wa mchungaji. Microsoft wenyewe wameonya kwa miaka mingi kwamba faili la barua la Outlook, lile la .pst, lisifunguliwe kupitia mtandao wa nyumbani au wa ofisi. Likae kwenye diski ya kompyuta inayolitumia. Programu yetu ni ya mtengenezaji mwingine, lakini tabia ya ukoo haifichiki.

Tangu siku hiyo Baba amekuwa mkuu wa usalama. Kufuli likibaki, dawa ni fupi: unazima programu pande zote mbili, unahakikisha haikujificha katika orodha ya zile zinazoendelea, kisha unafuta kijifaili. Baba haniruhusu kukifuta kabla sijatembea hadi chumba cha pili kuitazama ile kompyuta nyingine. Njia hukaguliwa kwa macho, anasema. Nimeikagua njia hiyo usiku wa manane nikiwa na taulo kiunoni, nikapishana na mgeni wa chumba namba tatu anayetafuta choo, tukasalimiana.

Sasa nije kwenye saa yake, maana hapa ndipo programu hii imenifundisha uaminifu. Kompyuta ya mezani ni mzee, na kile kibetri cha ndani, CR2032, cha duara kama sarafu, kimechoka. Stima ikipotea, ikirudi, kompyuta inaamka ikiamini leo ni Januari 1, 2009. Programu inakwenda kwa seva kuchukua barua. Seva inatoa cheti chake cha usalama. Programu inatazama tarehe ya cheti, inatazama kalenda yake, inakataa: cheti hiki bado hakijaanza kutumika. Ni nani kati yetu angefanya vinginevyo? Mwaka 2009 mtu akikuletea hati yenye muhuri wa miaka kumi na mitano ijayo, utamkaribisha chai au utaita polisi? Kuna maofisa wa ardhi wangepata funzo hapa. Kibetri kipya nimeshakinunua kwa fundi wa saa. Kiko kwenye droo.

Agosti 25, 2023, usiku ambao karibu nchi nzima ilizama gizani, kompyuta ilirudi 2009 na sisi tukarudi nayo. Tuliwasha taa ya chemli, tukapata kumbe Baba anajua hadithi za simba wala watu wa Tsavo wa 1898 kuliko kitabu kinavyozijua, na wageni wawili wakatoka vyumbani kusikiliza.

Kuna pia suala la anwani. Rauta hugawa namba kwa kila kifaa kinapojiunga, na ikizimika ikawaka inaweza kugawa upya. Jana kompyuta ya mapokezi ilikuwa 192.168.1.5, leo ni 192.168.1.9, na laptopu inakwenda kubisha mlango wa jana. Ni kama mgeni aliyeelekezwa nyumba yenye mwarobaini, akakuta mwarobaini umekatwa. Unaweza kuiambia rauta imtengee mzee namba ya kudumu. Hilo nalo nalijua.

Upande wa kusini wa mji, kule Sagalla, wakulima wamezungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki ili kuwazuia ndovu, mbinu iliyofanyiwa utafiti na Lucy King na wenzake wa Save the Elephants. Mizinga inaning'inia, imeunganishwa kwa waya, hivi kwamba ndovu akisukuma mahali pamoja, mizinga ya jirani inatikisika na nyuki wanatoka. Nilipouona uzio huo mara ya kwanza nilisimama nikacheka peke yangu. Ndio mtandao wetu huo! Mpwa wangu anachomoa rauta ili achaji simu, sekunde tano baadaye Mama anavuma jikoni, Baba anavuma mapokezi, na mimi niliye bafuni naitwa kwa jina langu la ubatizo, ambalo hutumika tu kukiwa na hatari.

Mtu atauliza kwa nini tusitengane, kila mmoja na faili lake. Tulijaribu. Mama alichoka kusubiri zamu, nikamwekea kwenye laptopu programu yake peke yake, isiyotegemea mapokezi. Tukawa na amani siku tatu. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyeuliza chochote. Siku ya nne, adhuhuri, Mjerumani mwenye mkoba mgongoni alishuka kwenye treni, akasimama mbele ya Baba na kumwambia ameandikiwa chumba. Baba alitafuta kwenye kompyuta. Hakuna barua. Alitafuta tena, miwani juu, miwani chini. Hakuna.

Mkosaji nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeiunganisha laptopu kwa POP, itifaki iliyozaliwa 1984 ikiwa na picha ya mtu mmoja mwenye kompyuta moja: inateremsha barua, kisha inazifuta kwenye seva, isipokuwa umeiagiza iache nakala. Sikuwa nimeiagiza. Laptopu ya Mama ilikuwa inameza barua zote, na laptopu ilikuwa kwenye begi, na begi lilikuwa na Mama, na Mama alikuwa Wundanyi kwenye matanga. Yule mgeni alipewa kimanga kilichokuwa mezani, kwa kuwa ndicho kilichokuwepo. Alikula sahani mbili, akaomba maelezo ya kukipika, akakaa siku nne badala ya mbili. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila wenyeji hatukustahili kupona.

Mama aliporudi, yeye mwenyewe aliagiza turudi kwenye faili moja.

Pia kuna Shangazi. Yuko Leeds tangu nikiwa mdogo, hataki kusikia habari za WhatsApp, na huandika barua pepe ndefu zenye aya, salamu kwa kila mtu kwa cheo chake, na swali moja kali lililofichwa katikati. Barua hizo, kwa kuwa haziwezi kufunguliwa mahali pawili, husomwa mahali pamoja. Baba anafungua, Mama anakuja na kiti chake, mpwa anasoma kwa sauti kwa sababu ndiye mwenye macho mazuri. Swali kali likifika, wote wananyamaza na kutazamana. Katika nyumba ambazo barua zinafunguka vizuri, swali kama hilo hujibiwa na mtu mmoja, kwa haraka, akiwa kwenye matatu.

Dawa ya kudumu ipo, na si kwamba siijui. Mwaka 1986, Mark Crispin wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuunda IMAP: barua zinabaki kwenye seva, na kila kompyuta inazitazama hukohuko, iliyosomwa huku inaonekana imesomwa kule. Hakuna faili la kugombaniwa, hakuna kufuli, hakuna kukagua njia na taulo. Kazi yenyewe ni kuweka nakala ya akiba ya barua za zamani, kubadili mipangilio pande zote mbili, kungoja zipande. Kwa intaneti yetu, jioni moja.

Jumapili iliyopita nilipata hiyo jioni. Kibetri nilikitoa kwenye droo, rauta nilikuwa nimeshaiandikia namba ya kudumu kwenye karatasi. Nikakaa sebuleni na laptopu, nikafungua programu nianze na nakala ya akiba. Ikaniambia faili linatumika na mtu mwingine.

"Baba, umeifungua barua?"

"Ya Shangazi yako imeingia," alijibu kutoka mapokezi. "Mwite mamako aje na kiti. Wewe ngoja hapo, hii ipite kwanza."