Kupokea Bure, Kutuma kwa Hongo

Mwaka 2006 nilihamia Tabora kununua asali, na kwa wiki saba nikawa bubu. Mdomo wangu ulikuwa mzima, tena ukifanya kazi kupita kiasi kama ilivyo ada ya sisi watu wa Mombasa. Ububu wangu ulikuwa wa barua pepe. Kila nilichoandikiwa nilikipata. Kila nilichojibu kilibaki palepale, kama mzigo uliosusiwa na wapagazi.

Tajiri wangu, muuza asali na nta wa kule Mombasa, alinikabidhi vitu vitatu nilipoondoka: kompyuta mpakato iliyokwisha kuchosha wafanyakazi wawili kabla yangu, anwani ya barua pepe ya kampuni yenye jina langu, na onyo. Kila Ijumaa kabla ya adhuhuri nimwandikie ni ndoo ngapi zimenunuliwa, kwa bei gani, na asali ina maji kiasi gani. "Na utumie anwani ya kampuni," akasisitiza. "Hizo za bure za Yahoo sizitaki. Mteja akiona anwani ya bure ataomba na asali ya bure."

Anwani hiyo ilikuwa ya mtoa huduma wa intaneti wa Mombasa. Likumbuke hilo, maana ndimo lilimolala balaa.

Siku ya kwanza Tabora nilijiona nimefika kwa shangazi: lugha ni ileile, na watu ni wapole kutushinda. Siku ya pili umeme ukakatika, nikamkimbilia mwenye nyumba wangu. "Mzee, stima imepotea!" Akaweka kikombe chini. Alikuwa mstaafu wa reli, aliyekuwa karani wa telegramu stesheni, mtu aliyezoea kupokea habari mbaya kwa ufupi. "Stima ipi?" akauliza. "Liemba?" Tulichukua muda kuelewana kwamba kwetu Kenya stima ni umeme, kwao stima ni meli, na kwamba ile meli kongwe ya Kigoma, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilikuwa bado inaelea. Hapo ndipo nilipotambua kuwa niko ng'ambo.

Kampuni moja ya intaneti ya pale mjini ikatuletea kijana fundi. Akapanda juu ya bati na antena yake, akashuka, akabofya mawili matatu, na mara barua 14 zikamiminika kwa mpigo. Nikafurahi kama mwenye duka aliyefunguliwa kontena. Nikaandika jibu la kwanza, la adabu, lenye salamu za mistari minne, nikabofya Tuma. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kutoka kushoto, polepole, kama treni ikipanda mlima wa Saranda. Ulipofika nusu ukasimama. Baada ya dakika moja kompyuta ikaniambia kuwa seva haijibu, ikaniuliza kama nataka kuendelea kusubiri. Nikabofya Ndiyo. Mgeni hakosi subira.

Ijumaa asubuhi mzee alinikuta barazani, mbele yetu chai ya rangi na sahani ya matobolwa, yale makavu ya viazi vitamu vilivyochemshwa, ambayo wengine husema ndiyo yaliyoupa mji jina lake.

"Imefika?"

"Bado, mzee."

Swali hilo aliniuliza kila Ijumaa, na kila Ijumaa matobolwa yalizidi kuwa magumu.

Tajiri naye hakunyamaza. Wiki ya pili: "Mbona kimya?" Wiki ya tatu: "Unazipata barua zangu?" Nilizipata, tena upesi kuliko nilivyopenda. Wiki ya nne: "Nimeambiwa Tabora kuna warembo. Umeoa?" Wiki ya tano alitaka kujua, kwa herufi kubwa tupu, kama nimekula pesa za asali.

Nilimpigia simu, nikakwangua kadi mbili kabla hajapokea. "Usinieleze mambo ya hesabu kwenye simu," akasema. "Niandikie barua pepe." Akakata.

Basi nikawa naandika. Kila jioni nilimweleza shida yangu, na kila jioni mstari wa kijani uliishia Saranda. Barua za mwanzo zilikuwa na heshima zake. Lakini nilipokwisha kuamini kuwa haziendi popote, kalamu ikafunguka. Nikamwambia ninavyoiona kompyuta yake. Nikamwambia ninavyouona mshahara wake. Barua moja nzima niliitoa kwa mada ya kilemba chake cha sikukuu. Na kila nilipomaliza nilibofya Tuma, kwa raha ya mtu anayebamiza mlango katika nyumba isiyo na watu.

Nikawapigia watoa huduma wa Mombasa, kadi nyingine tatu. Dada aliyepokea alikuwa na sauti ya maji ya madafu.

"Uko wapi, kaka?"

"Tabora."

"Tabora ni upande wa Taveta?"

"Tanzania, dada yangu. Ndani."

"Ah, basi uko nje ya mtandao wetu. Seva yetu hutuma barua za watu walio ndani ya mtandao tu. Ukirudi Mombasa itakubali."

"Nirudi Mombasa kutuma barua ya kusema niko Tabora?"

"Itakubali," akanihakikishia, bila chembe ya mzaha.

Nilipiga hesabu ya safari: treni usiku na mchana hadi Dar es Salaam, kisha basi kupitia Tanga na mpaka wa Horohoro. Ningefika kwa tajiri na barua mkononi, naye angeniambia nimtumie kwa barua pepe.

Jumapili moja mzee akaniona nimejiinamia. "Chukua baiskeli," akasema. "Nikakuonyeshe barua iliyokwama kabla ya yako." Tukapita chini ya miembe ya njia ya zamani ya misafara, tukafika Kwihara, nje ya mji, kwenye tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872: kuta za udongo, paa bapa, ukimya. Mzee akaegemeza baiskeli na kuanza kusoma mashtaka.

Mwaka 1871, Stanley alipofika Unyanyembe, yaani huku huku Tabora, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, aliukuta hapa mfuko wa barua za Livingstone huyohuyo. Ulikuwa umeandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Kwa maelezo ya Stanley, waliokabidhiwa kuupeleka Ujiji walikaa Bagamoyo kiasi cha siku 100 kabla ya kunyanyua mguu, na walipofika Unyanyembe wakakaa tena. Mwenye mfuko aliitwa Kaif Halek, ambalo ni Kiarabu cha "U hali gani". Hebu fikiri: bara zima linamtafuta mzungu aliyepotea, mzungu mwenyewe anasubiri habari za kwao, na tarishi aitwaye U Hali Gani amejikalia Kwihara, hali yake njema, na barua za watu nadhani ziko chini ya kitanda.

"Lakini hakuwa mvivu bure," mzee akasema. "Njia ilikuwa imefungwa."

Aliyeifunga ni Mirambo, mtemi wa Urambo, baada ya kukosana na Waarabu wa Tabora. Stanley alijitia katika vita vile upande wa Waarabu, wakashindwa, akarudi Kwihara mbio. Agosti Mirambo akauingia mji na kuutia moto. Septemba Stanley akakubali yaishe, akazunguka kwa kusini, na mfuko ukamfikia mwenyewe Ujiji ukiwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Mzee, Mnyamwezi halisi, hakumlaumu Mirambo hata kidogo. "Watu walikuwa wanapita kwake kana kwamba nyumba haina mwenyewe," akasema. Leo mjini kuna shule yenye jina lake. Ya Kaif Halek sikuiona.

Nilirudi mjini nikiwa na swali moja: Mirambo wangu ni nani? Alhamisi nikamwita kijana fundi, nikamuuliza hivyohivyo. Akacheka.

"Kaka, labda ni sisi. Mlango namba 25 tumeufunga kwa wateja wote."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kuwa barua pepe zina mlango. Akanieleza. Ray Tomlinson alituma barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwenye mtandao mwaka 1971, miaka 100 kamili baada ya ule mfuko kukwama Kwihara. Utaratibu wa kutuma ulioenea duniani uliandikwa mwaka 1982, enzi ambazo waliokuwa mtandaoni walijuana kama watu wa mtaa mmoja. Seva yoyote ilipokea barua ya yeyote na kuifikisha popote, bila kuuliza unatoka kwa nani. Wakaja wauza dawa za nguvu za kiume na warithi wa mamilioni yasiyokuwapo, wakatwika mizigo yao migongoni mwa seva za watu. Milango ikafungwa mmoja mmoja. Kampuni ya Tabora ilifunga 25 ili kompyuta za wateja zilizoingiwa na virusi zisimwage takataka duniani. Seva ya Mombasa ilikataa barua za watu isiowaona nyumbani. Kumbe nilikuwa na akina Mirambo wawili, mmoja katika kila ncha ya njia.

"Na kwa nini napokea?" nikauliza.

"Kupokea ni kwenda kuchukua chako. Unataja jina na neno la siri, unapewa. Kutuma ni kutembea nchi za watu kwa jina la mwenye seva. Lazima akujue."

Akajaribu kwanza kunipitisha katika seva ya kampuni yao. Barua ya majaribio ikaenda kweli, lakini Mombasa ikatupwa katika kapu la barua taka, maana mtu anayejiita wa nyumbani alikuwa anabisha hodi kwa mlango wa Tabora. Kisha akafungua ukurasa wa mipangilio, akaingia pembe ambayo sikuwahi kuigusa, na hapo katikati palikuwa na kijisanduku kitupu, kidogo kama punje ya mtama. Kando yake maneno machache: seva ya kutuma inahitaji uthibitisho.

"Neno la siri la kupokea umeweka. La kutuma, je?"

Sikuwa na jibu. Akatia alama ya vema ndani ya ile punje. Akafuta 25, akaandika 587. Mlango huo, akasema, ulipangwa mwaka 1998 kwa ajili ya wenye barua wanaotaka kuzikabidhi: hauzuiwi ovyo kama ule wa 25, ila hupiti bila kujitambulisha. Seva ya Mombasa ilikuwa nao siku zote. Yule dada wa sauti ya madafu tu ndiye hakuambiwa.

Mzee, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatikisa kichwa. "Kumbe seva ya kwenu ilikuwa inadai hongo."

Mimi Mkenya, mkono ukaenda mfukoni wenyewe. "Shilingi ngapi?"

Wakanicheka wote wawili. Hongo ya zamani, mzee akanifunza, ilikuwa ushuru wa halali. Msafara ukifika kwa mtemi hutoa merikani, kaniki, shanga au waya, hujulikana ni wa nani na unakwenda wapi, ndipo hupewa njia. Asiyetoa ndiye mwizi. Ni sisi wajukuu tulioliharibu neno. Akaenda zake kuchukua udhu.

"Haya, jaribu," fundi akasema.

Nikabofya Tuma, na papo hapo nikakumbuka.

Chini ya kioo pakaandikwa: inatuma barua 1 kati ya 31. Mstari wa kijani ukapita Saranda bila kupunguza mwendo. Ya 2. Ya 3. Nikabofya kila mahali panapobofyeka. Ya 9. Nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikitegemea betri ambayo haijawahi kuvuka dakika tano. Siku hiyo ikaamua kumfurahisha bosi wake. Ya 20, mshahara. Ya 27, kilemba. Nilipokumbuka kuchomoa waya wa antena, kioo kilikuwa kimeandika kwamba kazi imekamilika, na fundi alikuwa anadai chake.

Mzee aliporudi kutoka kuswali alinikuta nimeketi sakafuni.

"Imefika?"

"Zimefika."

Akaangalia uso wangu, na mtu aliyezoea telegramu hasomi uso vibaya. "Zote?"

"Zote."

"Pole, mwanangu." Akaketi kando yangu. "Kwetu sisi watu walikuwa wanalipia kila neno. Miaka yote ile sikuona mtu anayetukana kwa kulipia."

Usiku huo nilifunga sanduku langu. Kulipokucha jibu likawa limefika, maana kupokea hakujawahi kunishinda. Tajiri aliandika: "Nimezisoma zote 31. Ya kilemba nimemsomea mke wangu, naye anakuunga mkono. Humo mna kila kitu isipokuwa idadi ya ndoo."

Nikazipekua kwa hasira, nikiwa tayari kumsuta. Kweli. Hesabu nilikuwa nimeziweka kwenye faili la pembeni, nikingoja njia ifunguke ndipo niziambatishe. Katika barua 31 za kueleza kwa nini ripoti haiji, ripoti haikuwamo.

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Nikaandika: "Ndoo 212." Nikabofya Tuma, hongo imelipwa, ikaenda kabla sijaondoa kidole. Mzee alinisomesha barua ile kwa sauti, akahesabu maneno yake kwenye vidole kwa mazoea ya kazi, akasema kwa hiyo ningelipa bei ya chini kabisa.