Njia ya Mkato ya Kufurahi Bila Kuteseka Kwanza

Sogea karibu, wapenda kuhesabu makovu wasitusikie. Unataka akili timamu na moyo unaohisi, vyote viwili, bila kuvilipia kwa mateso? Inawezekana. Fuata hatua hizi.

1. Shindwa mapema shindano la shida. Najua linanoga. Tukikutana tu, kila mtu ataka kuonekana ndiye aliyepigika zaidi: huyu alienda shule peku, yule alilalia uji. Mwachie mwenzako ushindi, wewe agiza chai.

2. Isome upya methali. "Baada ya dhiki faraja" imesema faraja huja baada ya dhiki. Haikusema faraja haina mlango mwingine. Uwe macho hapa, maana anayeamini raha hununuliwa kwa mateso hachelewi kuona ni sawa tu mtoto wa jirani ateseke kidogo.

3. Jiulize swali la mwanafalsafa John Stuart Mill. Kijana huyu wa London alianzishwa Kigiriki na baba yake akiwa na miaka 3, Kilatini akiwa na miaka 8. Alinolewa akili ili aje kuitengeneza dunia. Mwaka 1826, akiwa na miaka 20, akajiuliza: yote ninayoyapigania yakitimia leo hii, nitafurahi? Moyo ukamjibu: hapana. Akazama katika huzuni ya miezi mingi. Hofu iliyomkaba ni hii: watu wakishaondokewa na dhiki, wakakosa cha kupambana nacho, raha yenyewe si itachuja?

4. Azima machozi. Ni ujanja halali kabisa. Mill alikuwa akisoma kumbukumbu za Mfaransa Marmontel, akafika pale baba wa mwandishi huyo alipofariki, nyumba nzima imeinama, na Marmontel, angali kijana, akahisi ghafla kwamba yeye ndiye atakayewafaa wenzake kwa kila hali. Machozi yakamtoka Mill. Hakufiwa, hakupigwa; alifungua ukurasa tu, akajua hajawa jiwe.

5. Tafuta raha isiyo na adui. Mwaka 1828 Mill alisoma mashairi ya William Wordsworth, yaliyojaa milima na mashamba, akakuta humo furaha isiyotegemea pambano lolote, ambayo watu wote wanaweza kugawana. Hofu yake ikapata jibu. Na akili haikumtoka: mwaka 1843 alitoa kitabu kizito cha mantiki.

6. Usiikimbilie furaha, ukiikodolea macho inajificha. Mill aliliandika hilo katika tawasifu yake iliyotoka mwaka 1873. Shika jambo jingine unalolipenda kwa dhati, kazi ya mikono, muziki, nafuu ya mwenzako, nayo itakujia ubavuni bila hodi.

7. Wakikubishia, waelekeze kwenye kashata. Barazani watakwambia utamu wake huletwa na uchungu wa kahawa. Mtazame mtoto aliyekaa miguuni pao. Kahawa hajawahi kuionja. Kashata kaishika kwa mikono miwili, chembe za nazi zimemganda kidevuni, anacheka peke yake. Mkatie na kipande chako.