Funguo za Petro

Wanaobeza mgogoro wa Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) hawajasoma historia. Mwaka 1309 Papa Clement wa 5 aliweka makao yake Avignon, mbali na Roma, jirani na mkono mrefu wa Mfalme Philip wa 4 wa Ufaransa. Mapapa wakakaa huko hadi karibu 1377, na mwaka uliofuata Kanisa likajaliwa mapapa wawili kwa mpigo. Neema juu ya neema!

Nasi tusingekubali kuachwa nyuma. Makao ya dayosisi yalipotakiwa kuhama Tukuyu kwenda Mbeya mjini, waumini walionyesha ari ambayo mwinjilisti wa kawaida huiombea miaka mingi bila kuipata. Mwaka 2022 mkutano mkuu ukamwondoa askofu na kuchagua mwingine. Tena tumewazidi Wazungu kwa ubanaji matumizi: kati ya Roma na Avignon ipo milima ya Alpi, kwetu ni kilomita 70 hivi za lami, Coaster inafika mahubiri hayajaisha.

Roho ziokolewe wapi, kama haijajulikana ofisi iko wapi? Petro alikabidhiwa funguo. Bila shaka zilikuwa za ofisi.