Malengo ya Kaunta Buku

Kila Januari mosi Mangi, mwenye duka wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam hufungua kaunta buku mpya, kwaya mbili, akaandika juu kwa kalamu nyekundu: MALENGO. La kwanza, hela ya duka isiguswe kwa mambo ya nyumbani. La pili, hakuna kukopesha. La tatu sikuliona, mkono wake ulilifunika.

Malengo mazuri. Nayafahamu, ndiyo ya mwaka jana.

Kuna mhamasishaji ambaye Mangi humsikiliza kwenye simu, anahimiza kila mfanyabiashara aandike lengo la milioni mia. Nadhani bwana huyo hajawahi kuombwa chenji ya elfu kumi na mtu aliyenunua kiberiti.

Januari nayo haina adabu. Sikukuu imekomba mifuko, shule zinafunguliwa, kila mtoto anataka sare na viatu, wa Mangi wakiwamo. Hela ya viatu vyao imetoka droo ipi? Nyumba ipo mbali na duka lipo karibu. Tarehe 5 mama wa nyumba ya kijani akasimama dirishani. "Mangi, niandikie unga kilo moja na mafuta ya kupima. Mwisho wa mwezi, baba."

Mangi akakuna kichwa, akafunua ukurasa wa pili.

Leo ukurasa wa pili umejaa. Wa kwanza haupo. Jana nilifungiwa nao karanga za mia mbili. Lengo la tatu nimelisoma nikitafuna: "Kununua mifuko ya kufungashia."