Meni Swichi Haihamishwi kwa Testa

Mke wangu amenunua kabati la vyombo, na ukuta pekee linakoenea ndio wenye meni swichi. Kwa hiyo meni swichi ihame. "Baba Neema, kisanduku chenyewe kidogo hivi, kinashindikana nini?"

Tangu siku hiyo nimeona kuwa Mwanza nzima ni mafundi umeme. Muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, ni fundi. Bodaboda aliyekuwa ananipandisha Mabatini alinitajia bei kabla hatujamaliza kona. Shemeji yangu yuko Sengerema, ng'ambo ya maji, lakini alikwishaihamisha kwa simu.

Fundi mwenyewe alikuja na testa, plaizi na tepu nyeusi. "Mzee, hii kazi ya nusu saa. Nafanya umeme ukiwemo, nimezoea." Waya zikipungua urefu? "Tunaungia darini, nani ataona?" Leseni ya EWURA je? Akacheka. Muhuri wa mkandarasi, akasema, utatafutwa baadaye. Yaani muhuri upande mlima peke yake, mwenye muhuri abaki mjini anakunywa chai.

Haya mambo yana sheria, tena ipo tangu 2008: anayefunga umeme majumbani awe na leseni. Mpaka kwenye mita ni mali ya TANESCO, na lakiri yake haiguswi. Baada ya mita ni mzigo wangu. Kwa hiyo meni swichi ni yangu kulipia, lakini si yangu kuchokonoa, na anayetaka kuzima hadi upande wa juu wa mita aombe shirika.

Jirani akaja na ufumbuzi wa bure: tusubiri yuniti za LUKU ziishe, fundi afanye kazi gizani kwa amani. Jamani! Waya unaoingia kwenye mita hauna habari na yuniti. Una volti 230 zake hata uwe hujalipa kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU. Halafu rimoti ya LUKU iko chumbani kwa watoto. Fundi ameshika waya, Neema anataka kuona tamthilia, anaingiza tarakimu zake 20. Nani atakwenda kuwaeleza wazee wa huyo kijana?

Lakini kilichoniudhi zaidi ni ethi. Mlima wetu ni jabali. Nyumba zimekaa juu ya mawe na mawe yamekaa juu ya mawe. Fundi alipiga nyundo ethi rodi, ikaingia kiganja kimoja, ikalia ngriii, ikagoma. Akaomba msumeno wa chuma. Wa nini? "Tukate kipande kilichobaki, Mzee. Kwa juu inaonekana imezama yote."

Inaonekana kwa nani? Umeme haukagui kwa macho. Ethi yenye omu 100 ikikutana na volti 230 hupitisha ampea 2.3 tu, na sakiti breka ya ampea 32 itaendelea kulala. Friji likivujisha umeme, bati lake linabaki nao linamsubiri mtu. Ndiyo maana huku juu kuna nyumba unakaribishwa soda, halafu unaambiwa uvae kandambili kwanza: "Friji letu linang'ata kidogo." Wanalisema kama wanavyomsema mbwa wa nyumbani. Watoto wameshazoea, wanafungua kwa kanga!

Kwenye jabali kama hili unahitaji RCD ya miliampea 30, inayokata umeme kwa uvujaji mdogo sana, na bado ethi itafutiwe penye udongo hata kama ni mbali na ukuta. Nilipoitaja, fundi akakunja uso. "Hizo zinasumbua, Mzee. Zinakata ovyo." Zinakata kwa sababu friji linang'ata, kijana wangu!

Kabati liko barazani, limefunikwa turubai, na mimi ndiye ninayeambiwa naogopa umeme. Sawa, naogopa. Wewe uliyejenga mlimani, usilipe kwa sababu taa imewaka. Mwambie fundi apime ethi mbele yako, akuandikie namba aliyoipata, kisha abonyeze kitufe cha majaribio cha RCD nawe umesimama hapo unaona inakata. Asiye na kifaa cha kupimia asipewe hata hela ya nauli.