Namna ya Kuupanda Mji wa Lisbon Kabla Meli Haijang'oa Nanga

Meli ya utalii ikikushusha Lisbon, mji mkuu wa Ureno, utabandikwa kifuani karatasi yenye namba ya basi. Ibandue. Yule aliyeinua kibendera ni mtu mwema, lakini kazi yake ni kuhesabu vichwa. Wewe umekuja kutazama mji.

Gati liko miguuni mwa Alfama, basi anza kupanda papo hapo. Jina hilo limetoka kwenye Kiarabu, al-hamma, chemchemi ya maji moto, na mtaa wenyewe ni kama Mji wa Kale wa Mombasa ulioegemezwa mlimani: vichochoro vya kupishana mabega, nguo zimeanikwa madirishani. Potea bila hofu. Ukitaka kurudi, fuata mteremko hadi mtoni.

Vaa raba zinazoshika chini. Njia zimetandikwa vijiwe vya chokaa vilivyosuguliwa na nyayo, na vikilowa huteleza kama sabuni. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Foleni ya tramu namba 28 pale Martim Moniz iache. Utasimama juani, kisha usimame ndani umebanwa, na wachomoaji wanaipenda tramu hiyo kuliko watalii. Jibanze ukutani kichochoroni, uiache ikupite karibu na pua. Raha yake iko hapo.

Ukifika Portas do Sol, kaa. Agiza kahawa, tazama mapaa mekundu, mto Tagus, na meli yako iliyosimama kama ghorofa lililojengwa bila kibali. Kisha soma vibao kwa masikio ya Kiswahili: mesa ni meza, bandeira ni bendera, lenço ni leso. Igreja ni kanisa, nalo ndilo lililotuzalia neno gereza. Hapo mimi hupoteza hamu ya kahawa.

Ukiwa na saa moja zaidi, shuka Largo de São Domingos. Kanisa la hapo liliungua mwaka 1959, na ndani nguzo zake zimeachwa na makovu ya moto. Nje hukutana Waafrika, wengi wao wa Guinea-Bissau, wakipiga soga. Wasalimie. Mji huu ni wao pia, na hakuna kibendera kitakachokupeleka kwao.

Belém, alikozikwa Vasco da Gama, usiikimbilie kwa teksi. Rudi melini mapema, ushike nafasi upande wa kulia wa sitaha. Mtapita chini ya daraja jekundu lililofunguliwa mwaka 1966, kisha Belém itapita mbele yako taratibu, kwenye maji yaleyale aliyoyafuata da Gama mwaka 1497. Mwaka uliofuata alikuwa Malindi.